Ile picha ya Ndundu

Masasi,
26 Julai 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa ukimya. Simu imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ndiyo maana unaletewa karatasi kama enzi zetu za chuo. Huku hatujambo. Ni vumbi, baridi ya alfajiri na salfa ya mikorosho inayonuka mpaka kwenye mashuka. Bi Somoe anakudai kanga yake, anasema hajasahau.

Ninachokuandikia ni hiki. Juzi tulikwenda msibani Lupaso, nikaongozana na yule mtoto wa kaka. Yuko Kidato cha Nne sasa, masharubu yanachungulia. Tulipofika nikamwambia, hapa ndipo alipozikwa Mzee Mkapa, na leo tarehe 24 ametimiza miaka mitano tangu afariki. Mtoto akanigeukia: "Shangazi, kumbe yule wa uwanja wa mpira, wa Kwa Mkapa hatoki mtu, alikuwa mtu kweli?"

Nilicheka mpaka nikaona aibu, msibani pale. Halafu hasira zikanipanda. Njia nzima ya kurudi nikamhubiria: kazaliwa hapahapa mwaka 1938, kasoma Ndanda, akaenda Kigonsera, Pugu, hadi Makerere akatoka na shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Akahariri Uhuru, akahariri Daily News, akawa mwandishi wa habari wa Mwalimu, balozi, waziri wa mambo ya nje, mbunge wa Nanyumbu, kisha rais, 1995 hadi 2005. Nilikuwa kama naita mahudhurio. Mtoto anatazama mikorosho dirishani.

Katika mahubiri yangu nikafika kwenye daraja la Rufiji, lililojengwa enzi zake. "Daraja tu, Shangazi?"

Daraja tu! Mwanaidi, nilitamani ungekuwepo. Unakumbuka Januari ile ya 1998, mvua za El Niño, mto umefura, pantoni haivuki? Usiku wa tatu tunalala Ndundu, pale kivukoni, chini ya lori la mtu tusiyemjua, chakula chetu maembe, na yule mama aliyekuwa akiuza kambale wa kukaanga bei inapanda kila jua likizama. Kuna aliyekuwa anawahi kuzika Kilwa, wakazika bila yeye. Miaka mitano baadaye, Agosti 2003, daraja likafunguliwa, karibu kilomita nzima, nikavuka nikiwa nimesinzia. Konda ndiye aliyenigutusha: tumeshapita Rufiji, mama. Nililia kimyakimya, jirani yangu akadhani nimefiwa.

Mtoto haya yote ni hadithi za sungura. Nikamkumbusha Mei mwaka jana, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga na mabasi yakakwama. Ile foleni ndiyo ilikuwa maisha yetu kila masika. Hapo ndipo akanyamaza kidogo. Kidogo tu, maana akanichapa na swali: "Sasa mbona korosho tunauza ghafi, na rais alitoka kwetu?"

Nimeshindwa kumjibu, na swali bado linaniwasha. Viwanda vyetu vya miaka ya sabini vilikuwa vimeshadorora kabla yake, sawa. Lakini vikaja kuuzwa kwenye ubinafsishaji wake, na vingine leo ni maghala tu. Wazee wa kijiweni wanamsifu kwamba hakupendelea kwao. Mimi sijui kama hiyo ni sifa. Hata daraja lenyewe, tulivuka Rufiji vizuri, tukakuta tope la kwenda Somanga linatusubiri ng'ambo, miaka mingine kadhaa! Ila ada ya shule ya msingi alipoifuta, darasa langu lilijaa watoto mpaka mlangoni, wengine na miaka kumi na miwili ndiyo wanaanza la kwanza. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Na najua unavyosoma hapa midomo umeibinua, maana shemeji zako ni wa Pemba. Risasi za Januari 2001, waandamanaji walivyouawa Zanzibar, sikumficha mtoto. Nilimwambia mzee mwenyewe aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 2019 kwamba ni doa kwenye urais wake. Nimeogopa tu kuendelea, maana...

Basi, ombi langu. Ile picha uliyotupiga Ndundu kwa kamera ya kaka yako, basi limezama mpaka madirishani na mimi nimejitwika begi. Unayo bado? Haikuliwa na mchwa ulipohama Temeke? Unaweza kumkabidhi dereva wa basi la Masasi, lakini ndani ya kitabu, isikunjike? Na nyuma uliandika tarehe au ulichora tu yale maua yako? Mume wako anasemaje, bado hataki kusikia jina la Mkapa? Na hebu niambie ukweli, lile begi nililojitwika lilikuwa langu au lako? Maana Bi Somoe anaapa kanga yake ilikuwa humo.

Wako,
Asha