Salamu za Idi kutoka Ngamiani, Tanga

Idi Mubarak, ndugu zangu, mlio hapa na mlio mbali. Mwezi umeandama, Mola azitakabali funga zetu.

Nakuandikieni nikiwa barazani, mbele yangu sufuria la mtaa. Wa hapa mnalijua, lile lililobonyea ubavuni. Tulilichangia nyumba kwa nyumba, likawekwa kwa mwenzetu mwenye banda. Miaka ikapita. Idi iliyopita tulipolifuata, tulijikuta tunapiga hodi kwa unyonge: "Tunaomba utuazime." Naye akatuuliza la nini, litarudi lini, nani atalisugua. Tukamjibu mojamoja, vichwa chini. Bibi mmoja nyuma yetu ndiye aliyesema, "Wanangu, chenu hamkiazimi. Huyu kawekewa amana."

Neno hilo limenikaa Ramadhani nzima, maana ndilo walilobishania wanafalsafa wa siasa. Thomas Hobbes, mwaka 1651, Uingereza ikiwa imetoka kupigana yenyewe kwa yenyewe, alishikilia kwamba watu wakishamkabidhi mtawala mamlaka hawawezi kuyadai tena. Vita ni vibaya zaidi. Namwelewa, alikuwa na hofu. Lakini John Locke, mwaka 1689, alisema alichosema bibi: utawala ni amana, na mwenye kuikhini hunyang'anywa. Rousseau naye, 1762, akawaambia Waingereza kuwa wako huru siku ya kuchagua wabunge tu, baada ya hapo ni watumwa.

Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 8, inatamka kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Naipenda ibara hiyo kuliko zote. Ila naumia nikiona mtu mzima kwenye mkutano wa mtaa anaomba radhi mara tatu kabla ya kuuliza mapato na matumizi. Radhi ya nini, na fedha ni yake?

Mtunzaji ana heshima yake, tusimvunjie. Banda ni lake, na panya kawafukuza yeye. Mwaka huu kalitoa mwenyewe tangu juzi, kalisugua kwa mchanga hadi linameta, akalileta kichwani bila kuitwa. Wa kwanza kupokea mkono wangu wa Idi ni yeye.

Pilau kesho baada ya swala. Njooni na sahani zenu, na watoto wote.