Usalama wa mitaa yetu hauishii kwenye msako

Ndugu Mhariri,

Katika mjadala wetu wakazi wa Dar es Salaam kuhusu uhalifu, wapo wanaoamini kuwa dawa ni msako wa polisi pekee, kama ule wa mwaka 2022 baada ya vijana walioitwa Panya Road kuvamia nyumba na kujeruhi watu kwa mapanga. Siupingi msako, kwa sababu aliyevunjiwa mlango usiku ana haki ya kulindwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya makazi ya mkoa huu, ambao sensa ya mwaka huohuo iliuhesabia watu zaidi ya milioni 5.3, imejengwa bila kupimwa, na vichochoro vyake havipitiki kwa gari la doria wala havina taa, kiasi kwamba mama lishe anayewahi sokoni alfajiri hutembea kwa hofu.

Ulinzi shirikishi, yaani wakazi wenyewe kushiriki kulinda mtaa wao, nao hufifia mara hofu inapopungua, kwani wananchi huchoka kutoa michango wasiyosomewa matumizi yake. Naziomba halmashauri zetu zitenge fedha za taa na posho za walinzi hao, na wenyeviti wa mitaa wasome hesabu kwenye mikutano ya hadhara. Vijana wa vijiweni pia waitwe kwenye mikutano hiyo, badala ya kukamatwa kwa kukaa tu.

Mkazi wa Tandale,
Dar es Salaam