Skana ya dukani ianze na orodha ya bidhaa

Mhariri,

Wenye maduka wengi hununua skana ya kusoma msimbo pau, ile mistari myeusi ya kwenye bidhaa, kwanza, ndipo waanze kujiuliza itafungwaje. Ianze orodha: namba ya kila bidhaa, mara nyingi tarakimu 13, iingizwe kwenye programu ya mauzo pamoja na bei. La sivyo skana italia vizuri tu na bei isionekane.

Kifaa chenyewe hufanya kazi kama kibodi. Kikiandika namba kisha kikanyamaza, hakijawekewa kubonyeza Enta mwishoni. Skani msimbo pau wa kuiweka Enta hiyo, umo kwenye kijitabu cha skana.

Jua la dirishani lisikipige. Waya nao usivutwevutwe, hukatikia shingoni.

Bidhaa za kupimwa uzito zinataka mizani inayochapa lebo, kwa kawaida zenye namba inayoanza na 2, na programu inayoweza kuzisoma. Hapo ndipo wengi hukwama.

Fundi wa mashine za kaunta