YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAMPU YENU ISIYOJUA TOFAUTI YA BAR NA PSI

Ndugu Meneja,

Baada ya salamu, naomba usome jambo ambalo kijana wenu wa kaunta aliliona la kuchekesha.

Kibandiko cha mlango wa gari langu kinataka upepo wa tairi uwe kPa 230, yaani bar 2.3, yaani psi 33 na ushee; vyote vitatu ni vipimo vya mgandamizo wa upepo. Niliiwekea pampu ya tairi niliyonunua kwenu psi 33. Ikajaza, ikapiga mlio, ikazima. Fundi alipochomeka geji yake ya mshale, mshale ulisimama karibu na 48 upande wa psi, na 3.3 upande wa bar. Mshale mmoja, namba mbili, na betri haina. Maana yake pampu yenu inagawanya psi kwa 10 ili ipate bar. Kigawanyo ni 14.5.

Hesabu hiyo nilimwandikia kijana kwenye karatasi. Hakuisoma. Alibonyeza kitufe cha vipimo, 33. Akabonyeza tena, 3.3, akasema mbele ya foleni nzima: "Mzee, si unaona zinalingana? Ni kusogeza nukta tu." Watu wakacheka.

Na kabla ya hapo nilishapiga simu mara mbili, nikaambiwa niizime niiwashe! Siku nne nimeendesha juu ya ziada ya bar moja nzima, tairi ngumu kama gogo, gari linadunda kwenye kila shimo, nami nalaumu springi.

Narudia, msije mkalipita: nilimpa karatasi, akaweka kikombe chake juu yake, akanionyesha 33 na 3.3 kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Ni kusogeza nukta tu." Nukta husogezwa kati ya bar na kPa, tena hatua mbili. Psi haimo kwenye mchezo huo.

Nilikuja nikitaka mnibadilishie pampu. Sasa siitaki. Nataka fedha yangu yote, gharama ya fundi kukagua tairi nne, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yako, si yake. Tena muwatangazie wote walionunua toleo hili waache kulitumia. Wapo waliopakia familia juu ya tairi hizo.

Nawapa siku 7. Siku ya 8, pampu, risiti na ile karatasi yenye duara la kikombe vitakuwa mezani kwa wakaguzi wa vipimo, na fundi atakuja na geji yake.

Mimi,
Mteja mliyemcheka