Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Jambo lililotusumbua kuliko yote mwaka 2025 lilianza Februari, serikali ya Marekani ilipositisha ufadhili wa mpango wa DHS (tafiti za kaya kuhusu idadi ya watu na afya), ambao tangu 1984 umesaidia nchi zaidi ya 90 kukusanya takwimu za uzazi, vifo vya watoto, lishe na hali ya kaya. Tanzania imefanya tafiti hizo tangu 1991/92, na ule wa 2022 ulitekelezwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na wenzao wa Zanzibar. Wadadisi walikuwa wetu na kaya zilizofungua milango zilikuwa zetu. Hata hivyo, mkataba ulipokatwa Washington, maombi mapya ya kupata takwimu hizo yalikwama, na wanafunzi wa uzamili waliozitegemea kwa tasnifu zao wakabaki wakisubiri. Baadaye Taasisi ya Gates ilitoa fedha za kuuendesha mpango kwa muda, nasi tunashukuru, lakini huko ni kuhama kutoka kwa mfadhili mmoja wa nje kwenda kwa mwingine.

Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania bado haijafika huko, na kidogo kinachotengwa huelekea zaidi kwenye kilimo, afya na teknolojia kuliko kwenye sosholojia au historia.

Kuhusu uchapishaji, wanachama wengi wamelalamikia ada za majarida ya ufikiaji huria, yale ambayo msomaji husoma bure na mwandishi ndiye hulipia. Baadhi ya wachapishaji wakubwa husamehe ada yote kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, lakini Benki ya Dunia ilipoipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini mwezi Julai 2020, msamaha huo uligeuka punguzo la nusu, ilhali mshahara wa mhadhiri haukupanda daraja pamoja na nchi. Naona si haki upandishwaji vyeo uendelee kuyapa uzito majarida ya wachapishaji hao huku yale ya nyumbani, yakiwemo ya Kiswahili, yakihesabiwa kuwa ya daraja la pili.

Kwa hiyo kamati tendaji italeta hoja mbili mbele ya mkutano mkuu: kuiomba serikali iweke gharama za tafiti za kaya na hifadhi ya takwimu zake katika bajeti ya kila mwaka, na kuviomba vyuo vikuu vipitie upya vigezo vya kupandisha vyeo. Maoni ya maandishi yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano.

Mwenyekiti