Somoe, ile makala nimeisoma

Newala

Kwako Somoe,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na mama magoti yamempungua maumivu. Makala uliyonikatia gazetini ilifika pamoja na vitenge. Nimeisoma mara mbili kwa sababu pembeni uliandika kwa kalamu kwamba huyu kasema kweli, nami najua uongo wa kwenye simu ulivyokuumiza.

Mwandishi anatetea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zile za Serikali yetu ya Tanzania zilizomtaka mwenye blogu akate leseni. Anasema uzushi huenda mbio kuliko kukanushwa kwake, na aliyezushiwa hana pa kushika. Gazeti na redio hupewa leseni, basi na mwenye blogu alipe, maana akilipa ataandika kwa adabu. La uzushi simpingi hata kidogo. Alipoeleza mtu anavyoogopa kwenda sokoni kwa ajili ya picha ya kughushi, nilikukumbuka nikaiweka karatasi chini.

Ila ada yenyewe kaipita kwa nusu mstari, bila tarakimu. Maombi yalikuwa shilingi 100,000, leseni ya mwanzo 1,000,000, na 1,000,000 nyingine ya kila mwaka. Yaani 2,100,000 kabla hujaandika neno. Ukiandika bila leseni, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Unamkumbuka kijana wa dada yangu, yule mrefu? Alikuwa na blogu ya bei za korosho. Siku ya mnada alikwenda mwenyewe, akasikiliza bei, akaihakikisha kwa watu wa chama cha msingi cha ushirika, ndipo akaandika. Wakulima wa vijiji vya mbali walisomewa na watoto wao wenye simu. Waliomchukia ni wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kimagendo nje ya mnada, ambao riziki yao ni mkulima asiyejua bei. Mei ya mwaka ule wa 2018, Mahakama Kuu hapa kwetu Mtwara ilipozisimamisha kanuni kwa muda, alikuja mbio kunipa habari. Mwezi haujaisha, shauri la kuzipinga likatupwa, kanuni zikarudi. Akaifunga blogu. Mwenye ekari tatu za mikorosho atoe wapi milioni 2 za kuandika?

Kisha ikaja Novemba. Minada ilikwama, Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuisomba. Somoe, wiki zile kila mtu alikuwa na lake kwenye makundi ya WhatsApp: nani atalipwa, nani atakatwa, nani kaitwa mtu wa kangomba kwa mizigo yake mwenyewe. Wako waliouza kwa hasara kwa hofu tu. Uzushi ule haukutoka kwenye blogu ya mtu, na aliyezoea kwenda ghalani kuuliza alikuwa ameshanyamaza. Hapa ndipo mwandishi alipopotea. Ada haimjui mwongo, inamjua asiye na hela.

Halafu kanuni zilikataza hata maudhui yanayoudhi, na hilo hakuligusa kabisa. Yanayomuudhi nani? Bei sahihi ya mnada ilimuudhi mtu wa kangomba kila wiki.

Na wewe ulipata nini? Aliyekughushia picha hakuwa na blogu, alikuwa na simu tu. Katika zile ada hukupata hata senti ya kumfikisha mahakamani. Kama makala ingedai mtu kama yule ashtakiwe upesi, na aliyeumizwa asaidiwe gharama za wakili, ningeibandika ukutani. Ila nusu ya kwanza inakulilia, na nusu ya pili inakusahau.

Ada zilishushwa baadaye, lakini kijana hakurudi. Siku hizi anaendesha bodaboda Masasi. Daftari lake la bei aliniachia mimi, limejaa tarehe na majina ya maghala. Ukija Idi nitakuonyesha. Nijibu hata kama hukubaliani nami.

Wako,
Mwajuma