Shoga, nimevalishwa pua ya ngozi

Padova, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Za huko? Mama hajambo, watoto wazima? Mi mzima ila magoti yananiuma kama bibi kizee, na ndo kisa cha kukuandikia, maana ningerekodi voisi ingefika nusu saa na najua usingeisikiliza.

Si nilikwambia nimejiandikisha warsha ya jioni ya komedia dell'arte, ile michezo ya zamani ya Waitaliano ya kuvaa barakoa? Usicheke, sio za corona. Bibi zetu wa pwani barakoa yao ilikuwa ya kusitiri uso, corona imekuja kutunyang'anya neno. Basi nikaenda najiamini vibaya mno. Wakasema hapa hamna skripti, inabandikwa karatasi nyuma ya jukwaa imeandikwa nani anaingia, anataka nini, anatokaje, maneno utajua mwenyewe. Nikacheka kimoyomoyo, si ndo vichekesho vyetu hivi! Sie tumekuzwa na kina Mzee Majuto, mtu anapewa kisa tu mengine anayakuta mbele ya safari. Wenzangu wengine wamesomea uigizaji miaka mitatu lakini ukiwanyima maandishi wanaganda kama wako kizimbani. Nikasema hapa nimefika.

Halafu nikavalishwa barakoa.

Shoga, inakata hapa juu ya mdomo, pua kubwa, macho ni vitundu viwili tu. Si unajua mi uchekeshaji wangu wote uko usoni, kukodoa, kubinua midomo, kile kijicho cha pembeni ulichokuwa unakiita cha mama mkwe. Vyote kwishney. Nikafanya vituko vyangu vyote, kimya, nikawa nasikia friji inanguruma chumba cha pili. Mwalimu akaniuliza, pua yako inaangalia wapi? Kumbe macho ya barakoa ni pua. Ukiona kitu unakigeuzia pua nzima, kisha unawageuzia watazamaji pua, kama unawauliza mmeona na nyie? kisha unarudi kwenye kitu, na wao wanacheka pale katikati, ukiwa hujafanya chochote. Na usiiguse kwa mkono hata ikuwashe vipi, ukiigusa tu yule mtu unayemwigiza anakufa kinabaki kipande cha ngozi.

Maana ni ngozi kweli. Inaloweshwa, inavutwa juu ya kichwa cha mbao kilichochongwa, inagongwagongwa kwa nyundo ya pembe mpaka ishike kila mkunjo. Ufundi huo ulikuwa karibu umekufa, aliyeufufua ni mtu wa hapa hapa Padova, Amleto Sartori, baada ya vita kuu ya pili. Kabla yake Marcello Moretti, aliyekuwa anamcheza Arlecchino, yule mtumishi mchekeshaji wa michezo hii, kwenye jumba la maigizo la Piccolo Teatro kule Milano, alikuwa anajipaka rangi nyeusi tu usoni, barakoa haitaki. Aliyemrithi, Ferruccio Soleri, akakaa na Arlecchino mpaka 2018, ana miaka 88 bado anarukaruka, na mi hapa nalia na magoti nina thelathini na nne.

Sasa walitaka kunipa kijakazi, yule mjanja asiyevaa barakoa. Nikakataa. Nikasema nataka Zanni.

Zanni ndo babu yao wote, kabla ya Arlecchino na koti lake la viraka. Ni kibarua wa milimani kule Bergamo, njaa imemshusha mpaka Venezia kubeba mizigo ya matajiri, na jina lenyewe ni Giovanni limefupishwa, yani kama kwetu kila mbeba mzigo anavyoitwa "kijana". Anaongea lugha ambayo wenye mji wanaicheka. Kuna mtu wa kunifundisha mimi hilo? Mi nikiagiza nyama buchani watu wanageuka.

Hapo ndo tulipogombana kundini. Wengine wanataka mchezo wa makumbusho, zile rangirangi za Arlecchino wa kwenye vikombe vya watalii, mi nasema watu wa 1500 na kitu hawakuwa wanacheka makumbusho, walikuwa wanamcheka Pantalone, bahili mwenye hela wa mtaani kwao wanayemjua. Basi Pantalone wetu ni baba mwenye nyumba asiyerudisha hela ya dhamana, na Zanni wangu anapeleka chakula kwa baiskeli, boksi mgongoni, pizza ya moto, na hajala tangu jana. Kuna kichekesho cha zamani Arlecchino ana njaa anakamata nzi, anamnyofoa mabawa, anamla taratibu kama karamu. Mi nzi wangu katua juu ya boksi la pizza. Boksi silifungui, ni la mteja, nala nzi. Juzi kwenye mazoezi wakacheka, halafu mmoja akaacha kucheka ghafla, nikaona kupitia vile vitundu. Ndo nilichokuwa nakitafuta.

Kundi tuko saba na kila siku ugomvi ni nani abebe vitu. Mwalimu akatuambia tarehe 25 Februari 1545, mji huu huu, waigizaji wanane waliandikishana mkataba mbele ya wakili: akiugua mmoja anatunzwa kwa hela ya wote, wananunua farasi wa kubeba mizigo, na marufuku kuchezeana karata za hela, labda mkicheza kwa chakula. Kikoba kabisa! Sie hata huyo farasi hatuna.

Sasa ombi, na usilipuuze. Mwalimu anasema mgongo wangu unadanganya, unaonekana haujawahi kubeba kitu, na ni kweli. Ukipita Kariakoo nenda pale wanaposhusha magunia, muombe mmoja umchukue video akitembea na mzigo, mpe hata ya soda. Uso usiuchukue, siuhitaji. Nataka magoti, na ile dakika anapotua mzigo, mwili bado haujaamini.

Nitumie kabla ya Alhamisi.

Wako,
mla nzi